Nyumbani Machame 🍌🏡 (grupu la familia)

JUMATANO

Dada Agnes 18:52
Habari za jioni wapendwa. Naomba tusikilizane dakika tano tu. Tangu Sajini atutoke Mama yuko peke yake pale kihambani bila mlinzi. Nimeona tusikae tu. Nimepata mbwa mwingine.

Dada Agnes 18:52
📷 Picha

Dada Agnes 18:54
Jemani, wale wa polisi. Dume. Wiki saba. Yuko Njiro kwa mama mmoja anayezalisha, baba na mama yake nimeonyeshwa kwa video. Laki nne na nusu. Tuko watoto watano, kwa hiyo elfu tisini kila mmoja. Naomba hadi Ijumaa saa sita mchana iwe imeingia kwangu.

Dada Agnes 19:30
Mmeona?

Dada Agnes 19:41
Naona tiki za bluu tu.

Baba Junia 19:44
Shemeji, naona sikio moja limesimama, lingine limelala. Hilo lililolala ndilo limesikia elfu tisini

Kelvin 19:44
😂😂😂😂

Dada Agnes 19:46
Baba Junia naomba leo tusianze.

Mama Aika 20:03
Bwana asifiwe. Mwenye namba ya fundi pampu anisaidie. Maji hayapandi tangu jana

Baba Junia 20:04
Yupo mmoja Bomang'ombe mzuri sana mama mdogo, nakutumia pembeni

Kelvin 20:04
Bibi mdogo angalia kwanza kama umeme unafika kwenye pampu

Flora 20:05
Pole mama mdogo. Junia atakuletea madumu kesho akitoka shule

Dada Agnes 20:09
Kumbe mpo.

Flora 20:21
Tupo dada. Mama umemuuliza?

Dada Agnes 20:22
Ni zawadi Flora. Zawadi unamuuliza mtu?

Flora 20:25
Nilikuwa kwake Jumapili. Lile sufuria la Sajini bado liko kwenye ngazi ya jikoni. Nikataka kulisugua niliweke stoo, akaniambia liache. Mimi naona bado.

Dada Agnes 20:27
Ndiyo maana nasema aletewe mwingine. Wezi hawangoji matanga yaishe. Wiki iliyopita si wamekata mikungu mitatu kwa mama mdogo Aika?

Mama Aika 20:31
Minne. Na jogoo

Dada Agnes 20:31
Mnaona.

Deo 22:10
Poleni na majukumu. Ndio naingia Shinyanga. Mbwa mwingine wa nini kama lango ni lile lile?

Dada Agnes 22:12
Deo lango ni mada nyingine.

Deo 22:14
Ndiyo mada yenyewe. Sajini alipitia wapi akafika barabarani hadi fuso la mchanga likamkuta? Alipitia palepale tulipokubaliana Desemba 2022 pawekwe lango la chuma. Leta Jemani, leta simba wa Serengeti, atapitia palepale.

Dada Agnes 22:15
Na hela za Desemba 2022 zilikuwa kwa nani?

Deo 22:17
Kwangu. Hadi Februari. Baada ya Februari muulize aliyezipokea.

Baba Junia 22:41
Jamani ni kweli Yanga wanamuuza yule winga?

Flora 22:41
Wewe.

Deo 22:44
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Kelvin 22:45
Baba umefuta nini 😅

Deo 22:45
Kelvin kalale.

ALHAMISI

Rehema Houston 04:37
Ndo natoka kazini. Sajini wangu 😭 kila nikifungua simu nakutana na ile picha yake amekalia viatu vya Baba. Dada asante kwa kuhangaika, ila kwa nini tununue? Mimi Biskuti nilimchukua kwenye makazi ya mbwa wasio na wenyewe. Nikajaza fomu, wakaniuliza nina uzio, nashinda nje saa ngapi, nikisafiri anabaki na nani. Walikuja kunihoji kuliko ubalozi. Lakini nilimpata ameshahasiwa, ana chanjo zote, wameniambia anaogopa nini na anapenda nini. Hata hapo Arusha kuna Mbwa wa Africa, wanaokota wa barabarani wanawatibu wanawatafutia watu. Kelvin hebu watafute mtandaoni

Dada Agnes 06:12
Rehema mdogo wangu, huko ni huko. Mbwa koko halindi nyumba.

Mama Aika 06:20
Kwani Sajini alikuwa nani

Baba Junia 06:24
😂😂 Sajini hata baba yake hajulikani lakini mchungaji alikuwa anapiga honi kuanzia kwa Mzee Ndesa

Mama Aika 06:26
Na yule karani wa sensa. Alitujaza kwenye kishikwambi akiwa juu ya mparachichi

Kelvin 06:27
Nilikuwepo!! "Kaya ina watu wangapi?" Bibi anamjibu "shuka kwanza"

Flora 06:30
Jamani 😂 na Baba akamshikilia Sajini mkia huku anajibu maswali, mkono mmoja kwenye kikombe

Rehema Houston 06:31
😂😭😂😭

Dada Agnes 06:33
Sawa tumecheka. Elfu tisini. Hadi sasa sijapokea hata mia.

Godi Mifugo 12:48
Shikamoo dada Agnes, habarini wote. Nilikuwa kwenye josho huku Masama, simu ilikuwa ndani ya gari. Nimesoma. Nitasema ninavyoona, mtanisamehe ni ndefu.

Yule wa kwenye boksi wa Pasaka ya mwaka jana mnamkumbuka. Alikuwa wiki tano, hajapata chanjo hata moja, amesafirishwa usiku kucha. Mliponiita nilimkuta anatapika na kuhara damu, kesho yake tukamzika nyuma ya banda la mbuzi. Ile ni parvo. Kirusi chake kinakaa ardhini mwaka na zaidi. Jiki inakiua kwenye saruji, kipimo kimoja kwa thelathini za maji, ila kwenye udongo wa migombani hata umwage pipa ni kazi bure.

Sasa huyu wa Njiro ana wiki saba. Kwanza angebaki na mama yake hadi ya nane. Pili, hata kama amechomwa, ni sindano ya kwanza tu. Inarudiwa kila wiki tatu au nne hadi atimize wiki kumi na sita. Kabla ya hapo mimi simwachii akanyage ule uwanja. Ya kichaa cha mbwa ni miezi mitatu, halafu kila mwaka. Sajini hakukosa hata moja, kadi yake bado iko kwangu, tulikuwa tunamchoma kwenye kampeni ya Septemba 28.

Tatu, na hili ndilo kubwa. Mama mwezi ujao anafanyiwa mtoto wa jicho KCMC. Akitoka pale haruhusiwi kuinama hovyo wala kubeba kizito. Dume la Jemani likifika miezi sita linapita kilo ishirini na bado lina akili za kitoto. Linamrukia mtu kwa furaha. Mtamwokota Mama chini.

Kama Mama anataka mbwa, mtafutieni mkubwa. Miaka miwili, mitatu, tabia imeshajulikana. Jike aliyefungwa kizazi hata madume ya kijiji hayatajazana getini. Na mbwa wetu hawa wa huku wamezoea ugali na dagaa. Jemani analishwa, dada.

Flora 12:55
Asante sana kaka Godi 🙏

Deo 13:02
Lile boksi nilileta kwa nia njema.

Mama Aika 13:04
Hakuna aliyesema baba

Deo 13:04
Nasema tu.

Dada Agnes 13:20
Godi asante kwa somo. Lingekuja kabla sijalipa lingenisaidia zaidi.

Flora 13:21
Umelipa???

Dada Agnes 13:22
Advansi. Laki na nusu. Hairudishwi.

Baba Junia 13:23
Basi posa imeshapokelewa, tumebakiza mahari 😂

Rehema Houston 13:40
Dada jamani ungetuambia kwanza

Dada Agnes 13:58
Niwaambie wapi Rehema? Humu? Humu nimeuliza bati za jikoni mwezi wa tatu, nimejibiwa na mtu mmoja, amejibu emoji. Bima ya Mama nani anafuatilia? Nani alipanga foleni ya kipimo cha macho? Nikingoja grupu hili lijibu Mama ataibiwa hadi mlango.

Na niseme tu. Mimi kila usiku saa tatu nampigia. Nilikuwa namsikia Sajini nyuma anabwekea popo, najua huko kuko salama, nalala. Sasa nasikia redio. Wiki tatu hizi nasikia redio tu. Ndiyo maana nimelipa.

Flora 14:10
Pole dada. Hukusema

Dada Agnes 14:10
Nimesema sasa. Nina kikao.

Kelvin 16:35
Shangazi Rehema nimewapata hao wa Arusha. Wana mbwa wengi wakubwa. Kuna mmoja ana miguu mitatu anakimbia kuliko mimi 😂

Baba Junia 16:37
Kuliko wewe hata kuku ya Mama Aika anakimbia

Mama Aika 16:39
Jogoo ameibiwa msinikumbushe

IJUMAA

Mama Nyumbani 05:48
🎤 Ujumbe wa sauti 2:31

Rehema Houston 06:55
Niko zamu ya usiku siwezi kufungua sauti. Mama amesema nini?

Rehema Houston 07:10
Jamani?

Rehema Houston 07:31
Najua mmesikiliza, hakuna anayejibu. Mnanitisha

Flora 07:48
Nakuandikia. Nilikuwa nasikiliza mara ya pili.

Amesema yote anayajua. Jana jioni mama mdogo Aika alikaa naye jikoni akamsomea kuanzia juu hadi chini.

Amesema la lango anajua hela zilikokwenda, na zilikwenda kwa idhini yake, na hataki kusikia marehemu anaingizwa kwenye hesabu za chuma.

Amesema Sajini alikuwa mbwa wa Baba. Baba alipoondoka alikataa kula, akalala kwenye mlango wa chumba, Mama ndiye aliyekwenda na sahani yake mwenyewe akakaa chini pale akamwambia inuka tule. Wakawa wanakula hivyo. Kwa hiyo tukisema "tumletee mwingine" tujue tunasema nini.

Halafu amesema tangu Pasaka hakuna aliyelala kwenye ile nyumba. Na mimi wa hapa Moshi mjini amenitaja kwa jina, naja saa nne naondoka saa kumi naangalia saa. Amesema, naandika alivyosema: "Mnanitafutia wa kulala hapa kwa niaba yenu."

Mbwa hajakataa. Amesema atakayekuja aje na mtu, walale hapo wote wawili wiki nzima, mbwa ajue nyumba ina wenyewe. Mbwa wa kushushwa kwenye gari na gari likageuza hapohapo, hafunguliwi lango.

Deo 08:02
Shikamoo Mama. Nimesikia.

Kelvin 08:05
Shikamoo Bibi 🙏

Rehema Houston 08:09
Shikamoo Mama yangu. Nimesikia. Ningekuwa karibu ningekuja leo

Baba Junia 08:30
Shikamoo mama mkwe. Mimi kwenye lango sina mkono

Flora 08:30
Nyamaza.

Wilbard 10:15
Poleni sana familia. Kumbe Sajini amekufa? Lini?

Flora 10:16
Wilbard. Wiki ya tatu hii.

Wilbard 10:19
Dah. Niliweka grupu kimya tangu michango ya kipaimara. Poleni sana jamani. Alikuwa ananisubiri kituoni yule

Mama Aika 10:24
Marehemu alikuwa na adabu ila mayai alikula. Nimesamehe

Dada Agnes 12:05
Shikamoo Mama. Tumekusikia.
Haya. Nani anaweza kukaa wiki? Mimi likizo yangu ni Oktoba, nimeshaomba isogezwe wamekataa. Flora?

Flora 12:11
Shule inafunga mwishoni mwa mwezi. Ijumaa hadi Jumapili naweza kulala. Wiki nzima na Junia na huyu baba yake sijui

Baba Junia 12:12
Huyu baba yake anaweza kubaki peke yake na gesi anajua kuwasha

Dada Agnes 12:13
Deo?

Dada Agnes 12:40
Deo?

Kelvin 12:42
Mimi chuo tunafunga tarehe 18. Naweza kukaa kwa Bibi hata wiki mbili. Mbwa napenda

Dada Agnes 12:43
Utalala hadi saa sita mchana.

Kelvin 12:43
Bibi hana shida na hilo shangazi

Deo 12:50
Kelvin ana sapu mbili za kusoma.

Kelvin 12:50
Baba 😩😩 humu?

Baba Junia 12:51
Mangi asome akiwa na mbwa, akisinzia anaumwa 😂

Godi Mifugo 13:15
Kuna jike Bomang'ombe, mwenye naye amehamishiwa Dodoma anaondoka mwezi huu na hawezi kumbeba. Miaka mitatu, kafungwa kizazi, chanjo zote nimemchoma mimi. Si Jemani, ni wetu huyu. Anabweka kwanza ndipo anaangalia, haumi ovyo. Hauzwi, mwenyewe anataka tu ajue anakwenda wapi. Jumamosi naweza kumpitia Flora tukamwone. Kumwona tu, siyo kumchukua.

Godi Mifugo 13:15
📷 Picha

Mama Aika 13:19
Anakula mayai?

Godi Mifugo 13:26
Nimeuliza. Anakula.

Rehema Houston 13:27
😂😂😂 basi ndiye

Mama Aika 13:28
Mimi sijasema ndiye

Dada Agnes 13:33
Na wa Njiro?

Dada Agnes 13:49
Nimeuliza na wa Njiro? Yule mama ananipigia, anataka hela iliyobaki kesho au anampa mteja mwingine.

Baba Junia 13:51
Shemeji kwa bahati mbaya Junia aliona picha juzi. Ameshampa jina

Flora 13:51
Hakuna mbwa anayeingia nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba amekataza hata kuku.

Baba Junia 13:52
Anaitwa Koplo

Deo 14:20
Mimi elfu tisini naitoa. Lakini iende kwa fundi wa lango moja kwa moja. Siyo kwa mtu.

Dada Agnes 14:21
Siyo kwa mtu maana yake nini?

Flora 14:23
Jamani Mama amesema lango liachwe.

Deo 14:25
Amesema hesabu za zamani ziachwe. Lango hajasema. Jike au dume, hilo pengo liko palepale. Nimeongea na fundi wa hapo Kwasadala, anakwenda kupima Jumatatu.

Dada Agnes 14:31
Umeongea naye lini?

Deo 14:32
Leo asubuhi. Baada ya sauti ya Mama.

Dada Agnes 14:40
Sawa.

Godi Mifugo 15:02
Jumamosi saa ngapi dada Flora?

Dada Agnes 17:36
Naandika tulipofikia ili kesho mtu asiseme hakuambiwa.
Jumamosi Godi na Flora wanakwenda Bomang'ombe KUMWONA tu. Flora hajasema saa.
Kelvin kukaa kwa Bibi kuanzia tarehe 18, baba yake hajasema ndiyo wala hapana.
Fundi wa lango Jumatatu, atampokea mama mdogo Aika.
Wa Njiro nimemwomba yule mama anivumilie hadi Jumapili. Mwenye mtu anayetaka Jemani safi aniambie, angalau advansi yangu irudi.
Mama, tukishamwona huyo jike Flora atakuja kukueleza kwa mdomo. Na atalala.

Flora 17:50
Nitalala.

Mama Nyumbani 18:04
🎤 Ujumbe wa sauti 0:05

Kelvin 18:06
Bibi amesema "Godi aje na yeye ale"

Godi Mifugo 18:10
Nitakuja Mama 🙏

Deo 18:22
Kelvin atakwenda. Na madaftari.

Kelvin 18:22
🕺🕺

Wilbard 21:17
Nimetuma tisini kwa dada Agnes sasa hivi. Ya mbwa. Samahani kwa kuchelewa

Deo 21:19
Ya mbwa yupi?

Wilbard 21:26
Kwani wako wangapi?